Tiketi ya Muziki na Wanaokula Cha Juu

Tiketi nyingi za maonyesho makubwa ya muziki huuzwa kwa bei iliyo chini ya thamani yake sokoni. Shabiki anayelalamika kwamba bei imemshinda ataona vigumu kuliamini hilo, lakini ndilo chanzo cha karibu kila kadhia inayompata tangu onyesho linapotangazwa hadi anapofika mlangoni. Ukumbi una idadi yake ya viti na mwanamuziki ana usiku mmoja tu mjini. Wanaotaka kuingia wakiwa laki moja na nafasi zikiwa elfu ishirini, hesabu ya biashara ingetaka bei ipandishwe mpaka wabaki elfu ishirini wenye uwezo. Wanamuziki wengi hawafanyi hivyo. Hawataki kuitwa walafi, wanapenda safu za mbele zijae vijana wanaojua kila wimbo badala ya matajiri waliokunja mikono, na wanajua kuwa aliyeingia kwa bei nafuu leo atanunua fulana na atarudi siku nyingine. Kwa hiyo kati ya bei iliyoandikwa kwenye tiketi na pesa ambazo mwenye hamu kubwa yuko tayari kutoa hubaki tofauti, cha juu, na cha juu hakikosi mlaji.

Phineas Taylor Barnum, mfanyabiashara wa maonyesho wa Marekani, aliamua kukila mwenyewe, tena hadharani. Mwaka 1850 alimleta New York mwimbaji wa Sweden, Jenny Lind, ambaye Wamarekani wengi walikuwa hawajawahi kumsikia akiimba, na tiketi akazitia mnadani. Ya kwanza ilichukuliwa na muuza kofia John Genin kwa dola 225. Zilikuwa pesa za wazimu kwa kiti cha usiku mmoja, lakini magazeti yalilitangaza jina la Genin nchi nzima na kofia zake zikapata wateja, huku Barnum akipata tangazo ambalo hakulilipia. Mnada ule ulikuwa na unyoofu wake: kila mtu aliiona bei ikipanda, na alimwona anayeilipa. Njia nyingi zilizofuata zimejificha zaidi.

Bendi ya Grateful Dead ya California ilishika njia iliyo kinyume kabisa. Mwaka 1983 ilifungua ofisi yake yenyewe ya kuuza tiketi kwa posta. Masharti yalikuwa makali: kadi ndogo yenye maelezo ya maonyesho yanayotakiwa, hawala ya posta yenye kiasi kamili, bahasha ya kurudishia jibu, na muhuri wa posta wa tarehe iliyotajwa, si kabla yake. Aliyekosea kipengele alijihesabu amekosa. Mashabiki wakaanza kupamba bahasha zao kwa rangi, wakachora mafuvu, mawaridi na dubu wanaocheza, kwa imani kwamba bahasha nzuri humlainisha anayefungua barua. Waliokosa walisafiri hivyohivyo, wakasimama nje ya uwanja wamenyoosha kidole kimoja juu, wakiomba “muujiza”, yaani mwenye tiketi ya ziada awape bure. Na wapo waliopewa. Mfumo huo ulikula muda wa shabiki na kuuacha mfuko wake.

Njia ya kawaida zamani ilikuwa dirisha la ukumbi, na dawa yake ilikuwa kukesha kwenye foleni. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kompyuta za Ticketron zikawezesha tiketi za ukumbi mmoja kuuzwa dukani katika mji mwingine, na mwaka 1976 ikazaliwa Ticketmaster huko Arizona. Lakini kilichogeuza biashara hii zaidi ya mashine ni mkataba. Fred Rosen, aliyeshika uongozi wa Ticketmaster mwaka 1982, aliona kwamba mtu wa kumbembeleza ni mwenye ukumbi, wala si shabiki. Akaacha kumtoza mwenye ukumbi kwa huduma na akaanza kumlipa. Ukumbi ulipewa fedha za mbele na mgawo wa ada, nao ukakubali kwamba kwa miaka kadhaa tiketi zake zote zitauzwa na kampuni hiyo peke yake. Fedha zenyewe zilitoka kwenye ada ya huduma aliyobandikwa shabiki juu ya bei ya tiketi. Mwaka 1991 Ticketmaster ikamnunua mshindani wake mkubwa, Ticketron.

Shabiki akiona ada hudhani yote inaingia kwenye kampuni ambayo jina lake liko kwenye skrini, kumbe sehemu kubwa hurudi kwa ukumbi na wakati mwingine kwa mwandaaji. Kampuni ya tiketi, pamoja na kazi zake nyingine, hulipwa ili ibebe matusi.

Pearl Jam, bendi ya Seattle iliyokuwa kileleni wakati huo, ilitaka mwaka 1994 tiketi zake zisizidi dola 20 na ada isizidi dola 1.80. Haikuelewana na Ticketmaster, ikapeleka malalamiko Wizara ya Sheria ya Marekani, na tarehe 30 Juni mwaka huo wanamuziki wake wawili, Stone Gossard na Jeff Ament, wakatoa ushahidi mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi. Kamera zilijaa, mikataba ikabaki palepale. Bendi ilipojaribu kuzunguka nchi bila kukanyaga kumbi zilizofungwa na mikataba hiyo, ilijikuta kwenye viwanja vya pembeni ambako kila kitu kilihitaji kuletwa, kuanzia uzio. Ziara ya mwaka 1995 ikavunjika, na Julai mwaka huohuo Wizara ikafunga uchunguzi. Mwaka 2010 Wizara hiyohiyo iliridhia, kwa masharti, Ticketmaster iungane na Live Nation, kampuni kubwa kuliko zote duniani ya kuandaa maonyesho. Mei 2024 ikaenda mahakamani kuomba zitenganishwe.

Ukubwa wa ada si jambo la kukisia. Ofisi ya ukaguzi iliyo chini ya Bunge la Marekani ilikuta mwaka 2018 kwamba ada zilifikia wastani wa asilimia 27 ya bei ya tiketi katika mauzo ya mkono wa kwanza, na asilimia 31 kwa tiketi za mkono wa pili. Kisa cha The Cure kinaonyesha zinavyouma. Machi 2023 kiongozi wa bendi hiyo, Robert Smith, alisimama kidete tiketi za bei ya chini ziuzwe dola 20. Mashabiki walipofika hatua ya kulipa, baadhi wakakuta ada zimeipita bei ya tiketi yenyewe. Smith alilalamika hadharani kwa herufi kubwa tupu, na Ticketmaster ikakubali kurudisha dola 10 kwa kila tiketi ya bei ya chini kabisa na dola 5 kwa nyingine. Tangu Mei 2025 kanuni ya serikali ya shirikisho inataka bei kamili, pamoja na ada za lazima, ionyeshwe tangu mwanzo. Ada hazikufutwa, zimeacha tu kumvizia mnunuzi mwishoni.

Kuna jambo linalokera kuliko bei, nalo ni tiketi kwisha kabla mtu hajakaa vizuri. Uchunguzi wa mwanasheria mkuu wa jimbo la New York uliochapishwa mwaka 2016 ulieleza zinakokwenda. Katika maonyesho makubwa yaliyochunguzwa, wastani wa asilimia 46 tu ya tiketi ndizo zilizofika kwenye mauzo ya umma. Asilimia 16 zilishikiliwa kwa ajili ya wasanii, kumbi, waandaaji na watu wao, na asilimia 38 ziliuzwa mapema kwa makundi maalumu, kama vile wenye kadi za benki fulani. Anayeamka alfajiri kungojea mauzo anagombea, basi, chini ya nusu ya ukumbi, na hagombei na binadamu wenzake tu. Uchunguzi huo ulikuta kwamba Desemba 2014 programu moja ya roboti ilinunua tiketi 1,012 za onyesho la bendi ya U2 katika Madison Square Garden ndani ya dakika moja, ingawa mnunuzi mmoja hakuruhusiwa zaidi ya nne. Programu za namna hiyo hupiga hodi mara mamia kwa wakati mmoja, hutumia majina na kadi tofauti, na huwa zimelipa kabla mtu hajamaliza kuandika anwani yake. Sheria ya shirikisho ya kuzipiga marufuku ilitiwa saini Desemba 2016. Kesi za kwanza chini yake hazikuja mpaka Januari 2021.

Tiketi zilizonaswa hivyo huibukia kwenye masoko ya mkono wa pili, ambayo StubHub, iliyoanzishwa mwaka 2000, ni miongoni mwa makubwa. Mlanguzi wa zamani alihitaji koti lenye mifuko mingi na macho ya kumwona askari. Wa leo hana haja ya kutoka nyumbani, na wengine hunadi tiketi ambazo hawajazipata bado, wakitumaini kuzinunua kwa bei ya chini baadaye.

Ni vyema kujua foleni ya mtandaoni inavyofanya kazi, kwa sababu haifanani na ya dirishani. Wanaofika kabla ya muda huwekwa kwenye chumba cha kungojea, na saa ya mauzo ikitimia kompyuta huwapanga kwa bahati nasibu. Aliyeingia saa nzima kabla hana faida yoyote juu ya aliyeingia dakika mbili kabla. Kisha huruhusiwa kwa mafungu. Kiti kinachoonekana wazi kwenye ramani ni habari ya sekunde chache zilizopita, na huenda wengi wamekibofya kwa pamoja. Anayekipata huwekewa kwa dakika chache tu ili alipe. Kwa sababu hiyo anayejaribu kiti kimojakimoja cha safu ya mbele mara nyingi hutoka mikono mitupu, na aliyeridhika na viti vya juu huwa ameshalipa.

Mfumo huo ulizidiwa mchana kweupe tarehe 15 Novemba 2022, siku ya mauzo ya awali ya ziara ya Taylor Swift nchini Marekani. Watu milioni 3.5 walikuwa wamejiandikisha ili wathibitishwe kuwa mashabiki, na milioni 1.5 kati yao walitumiwa msimbo wa kununulia. Kwa hesabu ya Ticketmaster yenyewe, siku hiyo mitambo ilipokea maombi bilioni 3.5, yakiwemo ya roboti na ya watu wasio na msimbo. Tiketi zaidi ya milioni 2 ziliuzwa, rekodi kwa msanii mmoja kwa siku moja. Hata hivyo, waliokumbukwa na magazeti ni wale waliongoja saa nyingi kisha wakatupwa nje ya foleni, wengine viti vikiwa tayari kwenye kapu. Mauzo ya umma yaliyopangwa siku tatu baadaye yakafutwa, na Januari 2023 Kamati ya Sheria ya Seneti ikamweka kitimoto rais wa Live Nation, Joe Berchtold.

Wasanii kadhaa wameona ni heri cha juu kiwaangukie wenyewe. Ndiyo maana ya bei inayopanda kadiri watu wanavyoongezeka, kama ilivyokuwa Julai 2022 baadhi ya viti vya Bruce Springsteen vilipofika maelfu ya dola. Bendi ya Oasis ilipotangaza kurejea jukwaani, mashabiki wa Uingereza waliopanga foleni ya mtandaoni tarehe 31 Agosti 2024 walifika mwisho wake na kukuta tiketi ya kusimama waliyoijua kwa takriban pauni 150 sasa ni pauni 355. Mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo ilichunguza na kukuta kwamba hapakuwa na kompyuta iliyopandisha bei dakika kwa dakika. Tiketi za kusimama zilikuwa na bei mbili tangu mwanzo. Za chini zilipokwisha zikafuata za juu, na waliokuwa kwenye foleni hawakuambiwa. Septemba 2025 Ticketmaster ilikubali kutoa taarifa saa 24 kabla pale mpango wa aina hiyo utakapotumika. Utetezi wa bei za namna hii ni kwamba fedha humfikia msanii badala ya mlanguzi. Ni hoja yenye uzito, ila ni vigumu kumweleza mtu aliyekwisha kungoja tangu asubuhi.

Nchi nyingine zimeamua kumbana anayeuza tena. Japani tangu Juni 2019 imekataza kwa sheria biashara ya kuuza tiketi zilizolindwa nayo kwa bei iliyozidi ya awali, na huko tiketi nyingi hugawiwa kwa kura, mshindi akalipa na mlangoni akaweza kutakiwa kitambulisho. Ireland ilitunga sheria yake mwaka 2021. Serikali ya Uingereza ilitangaza Novemba 2025 kwamba itafuata njia hiyo.

Pwani ya Afrika Mashariki cha juu kimepata kutatuliwa bila sheria yoyote. Katika taarab na muziki wa dansi kiingilio cha mlangoni kilikuwa cha watu wote, na mwenye uwezo alitoa zaidi akiwa ameshaingia, mbele ya watu, kwa mkono wake. Msikilizaji wa taarab, mara nyingi mwanamke aliyevaa akavalika, huinuka ubeti unapomgusa, huenda mbele kwa madaha noti ikicheza kati ya vidole, akamtunza mwimbaji na kurudi polepole ili aonekane. Wenye kuelewa hawahangaiki na ukubwa wa noti. Wanaangalia ni ubeti gani ulioitoa, na wakati ikitolewa macho yalikuwa yakimtazama nani. Bendi za dansi za Dar es Salaam nazo zilikuwa na mapedeshee wao, wenye fedha waliotajwa majina katikati ya wimbo na waliolipa ili watajwe. Matokeo yake ni kwamba tajiri amelipa sana, mpenzi wa kawaida amelipa kidogo, wote wako ndani, na cha juu kimekwenda moja kwa moja jukwaani bila kupitia kwa dalali.

Tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika Zanzibar tangu mwaka 2004 na kwa miaka mingi ndani ya Ngome Kongwe, hutenganisha bei kwa mnunuzi badala ya kiti: Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni kutoka ng'ambo, na tamasha linabaki la wenyeji pia. Viingilio peke yake havitoshi, hata hivyo. Lile la mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha.

Kwenye maonyesho ya kawaida ya Dar es Salaam au Nairobi kero ni ya aina nyingine. Tiketi hulipiwa kwa simu kwa bei ya chini siku za mwanzo na huwa ghali zaidi getini, lakini wengi hungoja siku yenyewe, kwa kuwa wameshaona maonyesho yakiahirishwa na nyota wa kwenye bango asitokee. Mwandaaji asiyejua atapata watu wangapi hushindwa kumlipa msanii mapema, na msanii asiyelipwa hapandi jukwaani. Hivyo kungoja huzaa lilelile linaloogopwa. Tiketi ya karatasi hughushiwa. Ile ya simu, yenye mchoro wa mraba, hunakiliwa kwa picha ya skrini, na mashine ya getini humkubali wa kwanza kuileta. Anayeirusha picha ya tiketi yake mtandaoni kwa kujivunia huwa ameshaigawa.

Mlangoni ndipo panapotaka uangalifu mkubwa zaidi, kuliko hata wakati wa kununua. Tarehe 3 Desemba 1979 mashabiki wa bendi ya The Who walijazana nje ya Riverfront Coliseum, Cincinnati. Tiketi nyingi hazikuwa na namba ya kiti, kwa hiyo wa kwanza kuingia ndiye wa mbele. Milango michache ilifunguliwa, sauti kutoka ndani zikawafanya walio nyuma kuamini kwamba onyesho limeanza, wakasukuma. Watu 11 walikufa, na bendi ikapiga hadi mwisho bila kujua. Kabla mwezi haujaisha jiji likapiga marufuku viti visivyo na namba, katazo lililodumu hadi mwaka 2004. Novemba 2021 watu 10 walipoteza maisha kwenye tamasha la Astroworld huko Houston, Travis Scott akiwa jukwaani.

Wengi wanaokufa katika misongamano hiyo hawakanyagwi. Hufa wakiwa wima, kwa sababu kifua hakina nafasi ya kutanuka. Watu wakifikia saba hivi katika mita moja ya mraba, hakuna anayechagua tena hatua yake, na walio nyuma husukuma bila kujua wanamuumiza nani. Anayejikuta humo hushauriwa kuiweka mikono mbele ya kifua, kuhakikisha haanguki, kutopoteza pumzi kwa kupiga kelele, kwenda na wimbi linapovuta, na likitulia kujisogeza kwa mshazari kuelekea pembeni. Bora zaidi ni kutoka mapema, joto la kubanwa linapoanza. Anayeingia kwa mara ya kwanza kwenye ukumbi hufaidika pia kwa kutazama milango ya kutokea kabla taa hazijazimwa, kwani mara nyingi ule alioingilia si ulio karibu zaidi.

Ndani, mahali pazuri pa kusikiliza si mbele kabisa. Huko spika za jukwaani na ngoma hufunika sauti ya mwimbaji. Fundi wa mitambo husawazisha muziki kwa kile anachokisikia pale alipo, kwa kawaida katikati au nyuma kidogo ya ukumbi, hivyo aliyesimama karibu na meza yake husikia kitu kilekile kilichokusudiwa. Masikio nayo yana kiwango chao. Kwa desibeli 85 mtu huweza kukaa saa 8, na kila nyongeza ya desibeli 3 hupunguza muda huo kwa nusu. Kwenye desibeli 100, kiwango kisicho cha ajabu katika onyesho la bendi, zinabaki dakika 15. Vizibo vya masikio hupunguza ukali bila kuua muziki. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kumbi na matamasha: wastani wa sauti katika dakika 15 usizidi desibeli 100, sauti ipimwe muda wote onyesho likiendelea, vizibo vipatikane, na pawepo sehemu tulivu ya kupumzishia masikio. Mlio unaobaki masikioni baada ya onyesho kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Usipokoma, ni wa kupeleka kwa daktari.